Jibu: Mtoto wa miaka miwili anaogopa kuku

Habari dada. Umesema mmehamia nyumba ya kupanga huko Ujiji, uwanja umejaa kuku wa majirani, na mwanao akiona kuku tu analia na kukukwea mgongoni. Unauliza umzoeshe vipi, na vipi kuhusu mbwa na paka.

Kwanza angalia kama kuna mwenye vifaranga. Wangu alirukiwa na kuku wa hivyo, nami nikadhani anadeka tu! Kuku mwenye vifaranga haogopi mtu, hata mkubwa. Muombe jirani amfunike kwa tenga mtoto akiwa nje.

Usimshikishe kuku kwa nguvu. Mimi nilikaa naye kizingitini, namwaga chenga za mahindi mbali kidogo, tunawatazama wakidonoa. Siku ya nne akataka kumwaga mwenyewe. Sasa kazi ni kumzuia asiwakimbize. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, umri huo vidole haviishi kinywani.

Mbwa wanaozurura, hapana kabisa. Aking'atwa au hata kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka sijawahi kufuga, waliofuga watakuambia.