Kabla hujautengea mto maji yake, ingia mtoni

Mara ya kwanza nilipoulizwa kijito kimoja cha Usangu kiachiwe maji kiasi gani samaki wasife, nilijibu bila kuinuka kitini: asilimia 10 ya wastani wa mtiririko wa mwaka. Oktoba tukaenda kupima, upande wa juu wa mabanio yote (vizuizi vinavyoingiza maji mifereji ya mashamba), mahali ambapo hakuna aliyeelekeza maji shambani. Yaliyokuwemo hayakufika hata hiyo 10 yangu. Mzee mmoja wa jumuiya ya watumia maji akaniuliza taratibu, "Sasa hayo mengine tuyatoe wapi, mwanangu?"

Kanuni ile ya asilimia 10 aliitoa mtaalamu wa samaki Tennant mwaka 1976, kutokana na mito ya Marekani: asilimia 10 samaki wasalimike, 30 waishi vizuri, 60 wastawi. Kwetu wastani hubebwa na mafuriko ya masika. Kiangazi unaudai mto usichonacho, na Machi unamnyima kambale maji ya kutoka mtoni akatage kwenye nyasi zilizofurika.

Kenya hutumia Q95, yaani kiwango ambacho mto hukifikia au kukipita siku 95 katika kila 100. Naipenda zaidi kwa sababu inatoka kwenye mto wenyewe. Ila angalia rekodi zako ni za lini. Mto Ruaha Mkuu, unaobeba maji ya Usangu, ulianza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Ukitumia vipimo vya baada ya hapo unaweza kupata sifuri, na sifuri ikishapigwa muhuri ndiyo haki ya viboko.

Siku hizi naanzia kwenye mawe, pale maji yanapopita membamba na kupiga kelele. Usipime dimbwini, dimbwi huonekana limejaa hata mto ukiwa taabani. Vuta futi ya kamba kutoka ukingo hadi ukingo, pima kina kila nusu mita, na upime mwendo wa maji. Rudi maji yakiwa juu kidogo, kisha juu zaidi. Chora grafu ya mtiririko na urefu wa kitako cha mto kilicholowa. Mwanzoni kila lita inayoongezeka hufunika mawe mengi, halafu mstari unapinda: maji yanapanda tu kingo. Pale kwenye kona ndipo pa kuanzia mjadala. Geuza jiwe moja lililolowa uone watoto wa kereng'ende waliojibandika chini yake. Hicho ndicho chakula cha samaki, na jiwe likikauka kinakwisha.

Grafu hiyo ni ya kiangazi tu. Kwa mafuriko utahitaji watu: wa samaki, wa mimea, wa udongo, wakae pamoja wajenge mwaka mzima mwezi kwa mwezi, kama ilivyofanyika kwenye mito ya Mara na Wami. Ni gharama. Ukikosa fedha, waulize wavuvi wazee maji yalikuwa yakifika wapi, uweke alama kwa rangi kwenye mwamba.

Na vaa viatu vya kamba. Ndala zangu zilikwenda na maji siku ya kwanza.