Mke wangu Mpoland amekutwa na badiliko la jeni ya NBN: mtoto wetu yuko hatarini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mhandisi, ninaishi Mwanza. Mke wangu ni Mpoland, tulikutana nilipokuwa nasoma kwao. Dada yake aliugua saratani ya matiti, ndugu wakashauriwa kupima vinasaba, na majibu ya mke wangu yameandikwa "NBN c.657_661del5, heterozigoti". Nimesoma mtandaoni kwamba mmoja kati ya Waslavi 177 (jamii za Ulaya Mashariki kama Wapoland na Wacheki) ana badiliko hili na kwamba watoto huzaliwa na vichwa vidogo na kupata saratani mapema. Je, ugonjwa huu umeenea kiasi hicho kwao? Tunatarajia mtoto, na usingizi umenipaa.

JIBU: Marahaba, na hongereni kwa ujauzito. Lala usingizi. Hiyo 1 kati ya 177 si hesabu ya wagonjwa, ni hesabu ya wabebaji, yaani watu kama mkeo wenye nakala moja mbovu na nyingine nzima. Watu wengi huzichanganya hesabu hizi mbili, na kusema kweli kurasa nyingi za mtandaoni haziwasaidii kuzitenganisha.

Ugonjwa wenyewe unaitwa sindromu ya Nijmegen, kwa jina la mji wa Uholanzi ambako madaktari waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Jeni yake, NBN, iko kwenye kromosomu ya 8 na ilitambuliwa mwaka 1998. Inatengeneza protini iitwayo nibrini, ambayo ikishirikiana na protini nyingine mbili hutambua pale uzi wa DNA ulipokatika pande zote mbili na kuanzisha matengenezo. Badiliko alilonalo mkeo limefuta herufi tano, ACAAA, katika eksoni ya 6, yaani kipande cha sita cha jeni hiyo. Jeni husomwa herufi tatu tatu, kwa hiyo ukiondoa tano, kila kinachofuata kinasomeka ovyo na protini inakatika njiani. Hata hivyo seli hufanikiwa kutengeneza kipande cha nibrini kinachofanya kazi kidogo, na ndiyo maana watoto wenye nakala mbili mbovu huzaliwa wakiwa hai. Panya wa maabara walionyimwa nibrini yote hufa wakiwa bado viinitete.

Mtoto mwenye nakala mbili mbovu huwa na kichwa kidogo, kinga dhaifu na maambukizi ya mapafu yasiyoisha. Takriban asilimia 40 hupata saratani kabla ya miaka 20, nyingi zikiwa za mfumo wa limfu. Mionzi huwadhuru kupita kiasi, kwa hiyo X-ray na CT huepukwa kadiri inavyowezekana, na dozi za tiba ya saratani hupangwa upya. Ni ugonjwa mzito, sitaki kuupunguza. Lakini ili aupate, mtoto lazima arithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama.

Sasa turudi kwenye namba. Mwaka 2000 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya damu za watoto wachanga wa nchi tatu. Wabebaji walikuwa takriban 1 kati ya 154 katika Jamhuri ya Cheki, 1 kati ya 182 Ukraine, na 1 kati ya 198 Poland. Wastani wa hizo ndio 177 uliyoisoma. Tofauti baina ya nchi hizo tatu usiitilie maanani sana: ukipima watoto 2,000 ukawakuta wabebaji 10, unapata 1 kati ya 200, ukiwakuta 13, inakuwa 1 kati ya 154. Watoto watatu tu wametosha kuibadilisha picha.

Ili kupata wagonjwa, zidisha nafasi ya mama kuwa mbebaji (1/177) kwa ya baba (1/177), kisha zidisha kwa robo, kwa kuwa wazazi wawili wabebaji wana nafasi moja kati ya nne ya kumpa mtoto nakala zote mbili mbovu. Jibu ni takriban mtoto 1 kati ya 125,000. Kwa hiyo hata huko Poland ni ugonjwa adimu, na daktari wa kawaida wa watoto anaweza kustaafu asimwone hata mgonjwa mmoja.

Neno "Waslavi" nalo linaficha mengi. Wagonjwa wengi wa eneo hilo wana badiliko hilihili, na vinasaba vinavyolizunguka vinafanana kutoka familia moja hadi nyingine. Maana yake walilirithi kwa babu mmoja wa zamani, wala halikuzuka upya kila mahali. Limetawanyika kadiri uzao wake ulivyotawanyika. Ujerumani kwa jumla ni nadra, lakini kwa Wasorbi, jamii ndogo ya Kislavi kaskazini mashariki mwa Saxony, limekutwa kwa takriban mtu 1 kati ya 34. Rudia hesabu ile kwa 34 uone: mtoto 1 kati ya 4,600 hivi. Jamii ikiwa ndogo na watu wakioana wenyewe kwa wenyewe kwa karne kadhaa, namba hupanda hivyo. Kwa hiyo mtu akiniambia "Waslavi wana asilimia kadhaa", swali langu la kwanza ni: mlipima nani, na wapi?

Lebo za makabila hupotosha hata upande wa pili. Badiliko la BRCA1, jeni ambayo ikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti, linaloitwa 5382insC lilipata umaarufu kama la Wayahudi wa Ashkenazi, kumbe limejaa Poland na Urusi kwa watu wasio na asili hiyo kabisa.

Tuje nyumbani kwenu. Mkeo ni mbebaji, hilo halina ubishi. Angekuwa ameolewa na Mpoland asiyepimwa, hatari ya mtoto kuugua ingekuwa 1/177 mara robo, yaani takriban 1 kati ya 700. Wewe asili yako haiko huko, na jeni ya NBN iliyoharibika ni nadra sana nje ya ukoo ule, hivyo hatari yenu iko chini ya hapo kwa mbali. Kilicho wazi ni kwamba mtoto wenu ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji kama mama yake, na mbebaji huzaliwa na kukua bila ugonjwa huu. Hesabu hiihii ndiyo ya selimundu, ambayo kwenu Kanda ya Ziwa ni ya kuogopwa zaidi: kaskazini magharibi mwa Tanzania takriban mtoto mchanga 1 kati ya 5 ni mbebaji. Kama wewe ni AS, yaani mbebaji wa selimundu, hilo nalo mtoto anaweza kulirithi, ila ugonjwa hapana, maana karibu hakika mkeo ni AA, yaani hana jeni ya selimundu.

Kuhusu mkeo mwenyewe: Eva Seemanová wa Prague alifuatilia ndugu wa wagonjwa na kuripoti saratani nyingi zaidi kwa wabebaji. Tafiti za Poland zimelihusisha badiliko hili na saratani ya tezi dume. Kwa matiti matokeo yamekuwa yakipishana. Kwa hiyo ratiba yake ya kuchunguzwa matiti iongozwe zaidi na ugonjwa wa dada yake kuliko na herufi hizo tano. Muulizeni huyo dada kama alipimwa BRCA1 na CHEK2, jeni nyingine inayohusishwa na saratani ya matiti, na alikutwa na nini. Jibu lake lina uzito kuliko hili. Kaka na baba wa mkeo waambiwe habari ya tezi dume. Na mkeo asikatae X-ray yenye sababu ya kitabibu kwa kuogopa yaliyoandikwa kuhusu wagonjwa.

Ripoti itunzeni pamoja na kliniki kadi ya mtoto. Hakuna haja ya kumpima sasa. Akishakuwa mtu mzima ataamua mwenyewe, na akija kuoa au kuolewa na mtu wa Poland, Cheki au Ukraine, huyo mwenzake ndiye apime NBN kabla hawajapata mtoto.