Nasafiri, mbwa wangu mdogo nimwache wapi?

SWALI: Habari za kazi dada, hongera kwa ukurasa huu. Nina mbwa mdogo jike, kilo nne tu, hajawahi kulala mbali na mimi hata siku moja. Mwezi ujao nasafiri wiki mbili na sina ndugu wa kumwachia. Nimepata vituo viwili vinavyolaza mbwa, kimoja kina picha nzuri balaa mtandaoni, kingine cha kawaida tu. Nichague vipi? Na akichanganywa na mbwa wakubwa atakuwa salama kweli?

JIBU: Mdogo wangu, naanza na hilo la mbwa wakubwa maana ndo zito kuliko yote. Mbwa wa kilo thelathini sio lazima awe mkali ndo amuumize wako, akimrukia tu kwenye michezo anaweza kumvunja mguu, na kuna wengine wakiona kitu kidogo kinakimbia huku kinalia wanaacha kucheza wanaanza kuwinda. Kwa hiyo uliza moja kwa moja kama wadogo wana uwanja wao peke yao, muda wote, wenye uzio katikati. Ukijibiwa "usijali tunawaangalia", mi nakwambia hilo sio jibu, tafuta kwingine. Na inama uangalie chini ya geti na kati ya nondo, upenyo ambao mbwa mkubwa hata pua haipiti, wako anapita mzima mzima na anaishia barabarani.

Picha achana nazo kabisa. Nenda mwenyewe vyote viwili, omba uone pale wanapolala, sio mapokezi. Vipo vituo vinavyozuia wageni kuingia ndani kwa kuogopa magonjwa, hiyo naielewa, ila basi wakupigie video hapo hapo ukiona, wakikataa na hilo ondoka. Harufu ya mkojo inayochoma macho maana yake hewa haizunguki. Halafu uliza usiku analala nani pale, maana kuna sehemu wanafunga jioni wanarudi asubuhi, sasa mbwa akianza kutapika saa nane usiku nani atajua?

Kingine, mbwa wadogo sana wakigoma kula sukari ya mwili inaweza kushuka, hasa wakiwa bado watoto, anatetemeka, analegea, hata degedege inaweza kumpata. Wako hajawahi kulala nje kwa hiyo kugoma kula siku ya kwanza ni jambo la kutegemea kabisa. Waulize watafanya nini. Unayemtaka ni yule anayeandika kila mlo kala au hajala na anakupigia mapema, sio wa kukwambia "akisikia njaa atakula".

Kituo kisichokudai kadi ya chanjo hakijamdai mtu mwingine yeyote, yani mbwa wako anaweza kulala na wagonjwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa, distempa na parvo (hayo mawili ni magonjwa ya virusi yanayoua mbwa) ni lazima, na ongeza ile ya bordetela ya kikohozi maana kinasambaa haraka mbwa wakikaa pamoja. Mpeleke kwa daktari sasa hivi, angalau wiki mbili kabla ya kumwacha, kinga haijengeki kwa siku moja. Na waulize mabanda wanaoshea nini, parvo inakaa kwenye mazingira miezi na miezi na sabuni ya kawaida haiimalizi, inatakiwa dawa ya klorini.

Kwa kuwa ni jike, hesabu kama atakuwa kwenye joto, yani kipindi cha kutaka dume, tarehe hizo, useme ukweli, wengi hawapokei na wana sababu.

Ukishachagua, mlaze usiku mmoja wa majaribio kabla ya safari, usiruke hili. Peleka chakula chake alichozoea kwa sababu kubadilisha ghafla kunamharisha, na badala ya kola ya shingoni wamtembeze na mkanda wa kifuani, koo la mbwa wadogo ni laini. Acha na karatasi yenye namba ya daktari wake, ruhusa ya kumtibu, na mtu wa kuamua ukiwa uko hewani kwenye ndege.

SWALI: Mimi wangu ana miaka 13 na anachomwa insulini asubuhi na jioni. Haya yote yananihusu pia?

JIBU: Yanakuhusu kaka, ila kituo cha kawaida nisingekushauri. Tafuta kliniki ya mifugo inayolaza na yenye mtu usiku, au mtu aliyefundishwa na daktari wako aje akae nyumbani kwako. Akikosa kula halafu akachomwa dozi nzima kama kawaida, sukari inaweza kushuka mpaka kumuua, kwa hiyo daktari aandike kabisa wafanye nini asipokula, na anayebaki naye akuonyeshe kwa vitendo anavyochoma kabla hujaondoka.