IELTS (mtihani wa Kiingereza): omba wasahihishe tena

Mdogo wangu wa Nyegezi, kama chuo kinataka 6.5 kila sehemu na umekwama 6.0 kwenye kuandika tu, kwingine kote una 7, omba wasahihishe tena na usichelewe, mwisho ni wiki 6 toka tarehe ya mtihani. Kuandika na kuongea anayepima ni mtu kwa hiyo inaweza kusogea, ila kusikiliza na kusoma ni kupata au kukosa, huko usipeleke hela aisee. Mi nilikuwa Kamanga nasubiri kivuko imeili ikaingia, kuandika imepanda 6.5, mikono inatetemeka kabisa, na ada wakarudisha. Ila kama unahitaji kupanda alama nzima, bora ujipange urudie mtihani.