Usilipe hilo kontena: kontena la baridi haligandishi samaki

Mkuu, usilipe. Kama umeshatoa advansi, iache iende, ni hasara ndogo kuliko inayokuja.

Nimesoma swali lako. Umepata kontena la baridi la futi 20 lililotumika, unataka ulipeleke Kilwa, ununue changu na tasi kwa wavuvi, ujaze tani mbili, ugandishe, uuze Dar. Unauliza umeme, vibali na wanunuzi. Halafu ukaandika mstari ulionipandisha presha: fundi kasema uliwashe usiku kucha likiwa tupu hadi −25, samaki wakiingia asubuhi wataganda fasta. Huyo fundi wako ana pacha mahali, maana mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na kwa sauti ya kujiamini hiyo hiyo.

Sasa sikia. Makontena haya yalitengenezwa kupokea mzigo ulioganda tayari kiwandani, ukae hivyo hivyo hadi meli ifike. Kazi ya mashine ni kutoa joto kidogo linalopenya kwenye kuta. Kugandisha ni kazi nyingine kabisa.

Chukua kilo moja ya samaki iliyoingia na nyuzi 28. Kuishusha hadi inapoanza kuganda, −1 hivi, unatoa kilojuli (kipimo cha joto) kama 105. Hapo sindano ya kipimajoto inasimama. Unaendelea kutoa joto, kilojuli 260 nyingine, na halijoto haishuki kwa maana, kwa sababu joto hilo linatoka kwenye maji yanayogeuka barafu. Ndilo joto fichi. Kisha unashusha hadi −18, kilojuli 30 na kitu. Jumla karibu 400, na zaidi ya nusu imeliwa pale ambapo kipimajoto kinakuonyesha hakuna kinachoendelea. Mwanasayansi Joseph Black alilielewa hili Glasgow miaka ya 1760, akiwa na barafu na maji tu. Mimi nililielewa kwa changu na tasi wa mtaji mzima, kwa hiyo ada yangu ilikuwa kubwa kuliko ya chuo chake.

Tani mbili ni kilojuli 800,000. Gawa kwa 3,600, unapata uniti (kilowati-saa) 222 za joto la kutoa. Mashine nyingi za makontena haya kwenye −18 zinatoa kilowati 5 au 6 hivi. Weka 5: saa 44. Toa kwenye hizo kilowati 5 joto la kuta na la feni zenyewe (feni nazo zinapasha, ndiyo), unakwenda siku mbili na nusu. Hapo nimewapanga samaki mmoja mmoja na upepo unapita kila upande, jambo ambalo wewe hutalifanya, utabananisha makreti hadi darini kama mimi.

Na ile "baridi ya kutanguliza" ya fundi? Kontena la futi 20 lina hewa ya mita za ujazo 28 hivi. Hewa yote hiyo, kutoka −18 hadi 28, inameza kilojuli kama 1,700. Ni samaki wa kilo nne! Usiku mzima wa umeme, kwa kitoweo cha nyumba moja.

Muuzaji wangu alikuwa na shati jeupe na kalamu mfukoni. Alifungua mlango akasema, "Sikia baridi hiyo, mzee." Nikaisikia. Hata samaki waliisikia, tatizo hawakuganda. Asubuhi kioo kilisoma minus kumi na kitu, nikampigia picha mteja na kumtumia, nikajiona mfanyabiashara wa kimataifa. Kioo kinasoma hewa inayozunguka, hakijui chochote kuhusu nyama iliyo katikati ya kreti. Safu ya nje ilikuwa jiwe. Nilipotoa makreti ya ndani, kisu kiliingia bila kusukumwa, matamvua yamekuwa ya kahawia, na harufu sitaieleza kwa sababu kuna watu wanakula. Tulichimba shimo. Paka wa mtaa ule mpaka leo wananisalimia. Kwenye simu, muuzaji akaniambia ningeweka −25. Yaani baada ya yote!

Hilo la −25 ndilo linaniuma zaidi kuliko hela. Namba unayoweka ni pale unapotaka ifike, haiongezi nguvu ya mashine hata kidogo. Tena kadiri unavyoshusha, gesi ya kupozea inarudi kwenye kompresa (pampu yake) ikiwa nyepesi na uwezo wa kutoa joto unapungua. Kwa hiyo fundi anakushauri uiongezee mashine kazi na wakati huo huo uipunguzie misuli. Mtu wa namna hiyo analipwaje?

Sheria yangu ni moja na siibadilishi: hesabu kilojuli za mzigo kwanza, gawanya kwa kilowati za mashine kwenye nyuzi zile unazozitaka, ndipo uulize bei. Saa zikizidi usiku mmoja, hicho ni chombo cha kutunzia. Gandisha kwenye chumba cha kugandishia chenye feni kali, kontena libaki kuwa stoo. Na kabla ya hapo, barafu tangu kwenye mtumbwi, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, hasa ukianza kuchukua jodari au vibua, maana wakishakaa na joto wanatengeneza histamini, na hiyo haitoki kwa kugandisha wala kwa kupika.

Umeme: mengi yanataka fezi tatu. Na usilisogeze upande wa mashine kwenye ukuta, kwa sababu joto lote lililotoka kwa samaki, pamoja na umeme wote uliotafunwa na kompresa, linatokea pale kwenye kondensa, sehemu inayotupa joto nje. Likikosa pa kwenda linarudi kwako.

Vibali na wanunuzi tutafika. Sasa hivi nenda ukapige picha ya kibao cha mashine uiweke hapa tuone kimeandika kilowati ngapi kwenye −18. Siyo kwenye +2. Muuzaji atakusomea ya +2, maana ndiyo namba kubwa.