Ubungo ya 1995 haikuwepo: jibu kwa mtia nia wa udiwani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na natarajia kutia nia ya udiwani 2030. Mimi na wenzangu watatu tulichanga hela tukamlipa mtaalamu mmoja wa mikakati, akatupa jedwali la matokeo ya Manispaa ya Ubungo tangu 1995 mpaka 2025, pamoja na grafu. Anasema Ubungo ina mzunguko wa miaka kumi kumi, chama tawala kikikaa vipindi viwili upinzani unarudi, kwa hiyo 2030 ni zamu ya upinzani. Nilipojaribu kuhakiki mwenyewe nimekwama kwenye idadi. Mwaka 2015 karatasi moja inasema kata 34, nyingine 14, na ya tatu ina wajumbe wengi kuliko kata. Ipi ni sahihi? Na huo mzunguko niuamini? Nimekuambatishia faili.

JIBU: Marahaba. Karatasi zote tatu ziko sahihi. Kisicho sahihi ni hilo jedwali, na nitakueleza kwa nini, maana hili ni faili la nne la aina hii kunifikia ndani ya miezi michache. Nadhani hata mshonaji wake ni yule yule.

Anza na 34 na 14. Oktoba 2015 hapakuwa na Manispaa ya Ubungo. Wewe na jirani yako mlipiga kura kuchagua madiwani wa Kinondoni, halmashauri yenye kata 34. Mwaka 2016 serikali ikaimega. Kata 14 za upande wa Barabara ya Morogoro, kuanzia Sinza na Manzese mpaka Kibamba, zikawa Ubungo, na 20 zikabaki Kinondoni. Hao wajumbe waliozidi kata ni madiwani wa viti maalum, ambao ni theluthi ya waliochaguliwa, pamoja na wabunge wa majimbo, kwa kuwa mbunge naye ni mjumbe wa baraza. Hesabu yako haina kosa, umekusanya tu vitu vitatu tofauti.

Sasa tazama kilichotokea mgawanyo ulipofanyika. Mapema 2016 Boniface Jacob wa CHADEMA, diwani wa kata ya Ubungo, alichaguliwa Meya wa Kinondoni. Manispaa ilipogawanywa akaenda kuwa Meya wa Ubungo, na Kinondoni iliyobaki ikapata Meya wa CCM, Benjamin Sitta. Kwenye grafu ya mtaalamu wako Kinondoni inatoka upinzani inaingia CCM kati ya 2015 na 2020, naye ameweka mshale mwekundu hapo na kuandika “wananchi wabadili msimamo”. Wananchi gani? Mipaka ilipochorwa upya hakuna mwananchi hata mmoja aliyetumbukiza karatasi kwenye sanduku. Waliokuwa wapiga kura wa upinzani walibaki vitandani kwao Kimara na Mabibo, ila baraza lao likawa jingine.

Hapo ndipo penye kosa linalonikera kuliko yote, na ndilo lililozaa huo mzunguko wako wa miaka kumi. Watu wanadhani jina likifanana basi kitu ni kile kile. Wanaandika “Ubungo” pembeni ya mstari, wanashuka nao kutoka 1995 hadi 2025 kama mtu anayefuata reli.

Ifungue safu ya 1995. Madiwani waliochaguliwa mwaka ule Dar es Salaam waliingia kwenye baraza moja la Jiji. Baraza lenyewe likavunjwa 1996, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, ikaendesha mji mpaka 2000 zilipoundwa manispaa tatu: Ilala, Temeke na Kinondoni. Kwa hiyo 1995 hakuna halmashauri ya Ubungo. Mwaka 2000, 2005, 2010 na 2015 kuna Kinondoni. Halmashauri ya Ubungo imechaguliwa kama Ubungo mara mbili tu, 2020 na 2025. Jedwali la miaka 30 ulilouziwa lina data halali ya chaguzi mbili.

Huyo bwana alipata wapi basi namba za nyuma? Nimezikagua. Ni matokeo ya ubunge wa jimbo la Ubungo. Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi 1995. Keenja huyo huyo wa Tume, kwa tiketi ya CCM, 2000 na 2005. John Mnyika wa CHADEMA 2010. Saed Kubenea wa CHADEMA 2015. Kitila Mkumbo wa CCM 2020. Ukiyapanga hivyo, kweli unaona vipindi viwili viwili, na mtu mwenye haraka ya kupokea malipo atakuambia ni sheria ya maumbile. Lakini hayo ni matokeo ya mtu mmoja mmoja wa ubunge, kwenye jimbo ambalo nalo lilikatwa 2015 kwa kutoa Kibamba, na Mnyika akahamia huko huko Kibamba. NCCR ya 1995, iliyokuwa na wimbi la Augustine Mrema, mgombea wake wa urais, haikuwa CHADEMA ya 2010. Mtaalamu wako amezipaka rangi moja na kuziita “upinzani”. Na mwaka 2025 CHADEMA hawakushiriki kabisa. Huo mwaka unawezaje kuwa nusu ya pili ya zamu ya mtu, wakati mpinzani wake mkubwa hakuwa kwenye karatasi ya kura?

Nikupeleke ndani ya faili lenyewe. Nenda karatasi ya pili, safu ya 2005, mistari ya Saranga, Msigani na Kwembe. Umeona sifuri? CHADEMA 0, CUF 0, CCM 0. Ukisoma haraka utadhani vyama vyote vilikataliwa huko. Ukweli ni kwamba kata hizo hazikuwepo. Sensa ya 2002 iliikuta Kinondoni ina kata 27; ya 2012 ikaikuta na 34. Saba zilizoongezeka ni hizo tatu pamoja na Makongo, Mbezi Juu, Wazo na Mabwepande. Aliyetengeneza faili alikuta kisanduku kitupu, akaona kinamharibia grafu, akajaza sifuri. Kisha akakokotoa “ukuaji” wa chama kutoka sifuri mpaka maelfu, na ndiyo ile nguzo ndefu ya kijani iliyowafanya ninyi wanne mtoe pesa. Kisanduku kitupu kiache kitupu. Kama lazima uandike kitu, andika “haikuwepo”.

Kuna pia mistari ya 2014, 2019 na 2024 iliyochomekwa katikati. Ile si ya madiwani. Ni uchaguzi wa wenyeviti na wajumbe wa mitaa, ambao miaka yote hiyo ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa; madiwani huchaguliwa pamoja na Rais na wabunge chini ya Tume ya Uchaguzi. Mtu akisema “serikali za mitaa” kila mmoja anaelewa lake, na wajanja wanaishi humo humo. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, kwa hiyo CCM ikabeba zaidi ya asilimia 99 ya mitaa na vijiji. Ukiichomeka namba hiyo kati ya 2015 na 2020 kwenye mstari mmoja, unapata mteremko wa kutisha ambao haukupimwa kwa kura za udiwani hata moja.

Tuje kwenye viti dhidi ya kura, maana hata ukisafisha majina bado wengi huteleza hapa. Chukua mfano wa kutunga, halmashauri yenye kata tano. Chama A kinashinda kata tatu kwa 2,100 dhidi ya 2,000 kila moja. Chama B kinashinda mbili kwa 3,000 dhidi ya 900. A ana kura 8,100, B ana 12,000, na baraza ni la A, viti vitatu kwa viwili. Halafu viti maalum vinagawiwa kwa kufuata kata zilizoshindwa, si kura, kwa hiyo A anaongezewa tena juu ya pale alipokwisha kubebwa. Sisemi mfumo ni mbaya. Unatumika nchi nyingi, na una faida yake kwamba kila kata inajua diwani wake ni nani wa kumfokea taka zisipozolewa. Ninasema ukitaka kujua watu wako wanaelekea wapi, idadi ya viti itakudanganya mchana kweupe. Kata inayogeuka kwa kura 60 na kata inayogeuka kwa kura 4,000 kwenye jedwali la viti zinaonekana sawasawa.

Ongeza Ukawa, ule umoja wa vyama vya upinzani. Mwaka 2015 CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD vilikubaliana kuachiana maeneo. Safu ya CUF kwenye faili lako inaanguka ghafla mwaka huo, na mtaalamu ameandika “CUF yafa Kinondoni”. Chama kilichomwachia mshirika wake kata hakiwezi kupata kura pale, hata kama wafuasi wake wamejaa kila kibaraza cha Manzese. Vilevile idadi ya waliojitokeza. Kitaifa 2005 walifika zaidi ya asilimia 70 ya walioandikishwa, 2010 hawakufika 43. Chama kinaweza kupanda asilimia kumi bila kuongeza mpiga kura hata mmoja, kwa sababu tu wa upande wa pili walibaki nyumbani. Ndiyo maana kura zenyewe, kwa namba, ziwepo kwenye jedwali kabla ya asilimia yoyote.

Na usisahau kati ya uchaguzi na uchaguzi. Novemba 2017 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa madiwani kwenye kata 43 nchini, CCM ikachukua 42. Baadhi ya kata hizo zilikuwa wazi kwa sababu madiwani wa upinzani walijiuzulu na kuhamia CCM, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Ukiangalia orodha ya madiwani waliomaliza kipindi 2020 na kudhani ndiyo matokeo ya 2015, umesoma kujiuzulu kama kura. Nimeona ripoti ya chuo, yenye jalada gumu, iliyofanya hivyo hivyo.

Wiki hizi napokea simu za watia nia wa mikoa mingine pia, na wengi wanataka kitu kimoja, grafu ya kumwonyesha mfadhili. Mmoja wa kanda ya kaskazini alitaka nimtengenezee mfululizo wa wilaya yake tangu uhuru, na alikasirika nilipomwambia kuna shimo la miaka ya sabini. Alidhani nimepoteza makaratasi. Halmashauri zenyewe zilifutwa; za miji zilirudi 1978, za wilaya 1984. Na kabla ya 1992 chama kilikuwa kimoja, wagombea ubunge wawili wa chama hicho hicho wakitofautishwa kwa jembe na nyumba. Utapima vipi ngome ya chama hapo? Akamtafuta mtu mwingine, na naambiwa grafu aliipata, ina rangi nzuri na haina shimo lolote.

Anayekuuzia utabiri wa kata miaka minne kabla ya kura, bila kujua nani atateuliwa, nani ataenguliwa, vyama gani vitakuwepo na kama mipaka itabaki, anafanya kazi ya mpiga ramli kwa kutumia Excel. Mpiga ramli wa kwetu angalau humuuliza mteja jina la mama yake. Huyu wa kwenu hakuuliza hata kama kata yako ilikuwepo. Na msimu wa kura za maoni ukikaribia wataongezeka, watakuja na neno “algorithimu”, watakuja na ramani za kupakwa rangi, watu watauza viwanja kwa ajili yao.

Kwa kazi yako wewe, chukua kata yako peke yake. Tafuta nakala za fomu 21C, zile za matokeo ya udiwani kwa kila kituo ambazo mawakala walipewa. Wazee wa matawi huwa nazo kwenye mabahasha, waulize kwa adabu na usiende mikono mitupu. Andika kura kwa kituo, waliojiandikisha, na majina ya vyama vilivyokuwa kwenye karatasi. Kata ikiwa imezaliwa kutoka nyingine, jumlisha vituo vya eneo lake la sasa, usibebe jina. Chaguzi tatu ukizipata hivyo zitakufaa kuliko miaka 30 ya huyo bwana.

Na kabla hujaanza, rekebisha mstari wa Mbezi. Ya kwenu ni Mbezi Luis, ile ya Barabara ya Morogoro. Kura ulizouziwa kwenye safu ya 2015 ni za Mbezi Juu, ambayo haijawahi kuwa Ubungo.