Kabla hujafungua KiCad (programu ya kuchora bodi za umeme): jinsi ninavyopanga bodi ya ESP32

Vijana wengi wananiuliza bodi ya kwanza waweke prosesa gani, na mimi siku zote nawarudishia swali, umeme unatoka wapi? Manake nimeona bodi nyingi zikikwama hapo kabla hata hatujafika kwenye kodi ya programu.

Tuchukue bodi ya kuwasha pampu ya kisima, inakaa shambani, inatumia betri ya sola ya volti 12. Kwanza hiyo 12 ni jina tu, jua likiwa kali chaja inaipandisha mpaka 14.4 hivi. ESP32, ile chipu yenye WiFi inayoendesha bodi, inataka 3.3, na ikirusha WiFi inavuta kama miliampea 240, wenyewe Espressif wanasema uipe chanzo kinachoweza angalau 500. Sasa mtu anaweka AMS1117 (regyuleta ya kushusha volti) kwa sababu ni bei rahisi na iko kila duka. Piga hesabu: 14.4 toa 3.3 ni 11.1, zidisha kwa 0.24, unapata karibu wati 2.7 zote zinageuka joto kwenye kidude kidogo kama ukucha. Haiwezi kuvumilia. Hapo weka regyuleta ya switching (inawasha na kuzima umeme haraka badala ya kuuchoma kuwa joto), LM2596 ni ya zamani na ni kubwa ila ile ya kawaida inapokea mpaka volti 40 na inapatikana kirahisi. Na kama unataka pampu itume meseji kwa SIM800L (moduli ya laini ya simu) basi hesabu inabadilika kabisa, ile inataka volti 3.4 hadi 4.4, kwa hiyo 3.3 haitoshi na 5 imezidi, halafu ikirusha inavuta mpaka ampea 2 kwa muda mfupi sana. Ipe njia yake ya umeme ya volti 4 na kapasita kubwa iliyo karibu kabisa na pini zake, la sivyo itajizima kila ikitafuta mtandao na utailaumu laini ya simu bure.

Umeme ukikaa sawa, fungua Excel (au daftari, sawa tu) uandike pini zote, kila pini na kazi yake, na safu ya tatu ambayo wengi hawaiweki: pini hii inakuwaje wakati bodi inawaka? ESP32 ina mitego yake. GPIO (pini za kuingiza na kutoa) namba 6 mpaka 11 zimeshikwa na flashi, yaani kumbukumbu inayohifadhi programu, usiziguse. 34 mpaka 39 ni za kuingiza tu, na hazina pull-up ya ndani (resista ya kuivuta pini juu). Sensa zilizo kwenye pini za ADC2 (ADC ni sehemu inayogeuza volti kuwa namba, ziko mbili) hazisomeki vizuri WiFi ikiwa imewaka, kwa hiyo peleka sensa ya maji kwenye ADC1. GPIO12 ikikuta volti juu wakati wa kuwaka, moduli ya kawaida inadhani flashi ni ya 1.8 na haiwaki, utakaa usiku mzima unatafuta kosa kwenye kodi na kosa ni resista moja. Na ile relei ya pampu, weka resista ya kilo-om 10 kwenda GND pale kwenye beizi ya transista, ili pampu isijiwashe yenyewe kabla programu haijaanza, kuna mtu anaweza kuwa ameshika waya.

Antena ya moduli itoke nje ya ukingo wa bodi, chini yake kusiwe na shaba hata kidogo. Kwenye EN (pini ya kuiwasha moduli) weka resista ya kilo-om 10 kwenda 3.3 na kapasita ya mikrofaradi 1 kwenda GND. Acha pini za kuprogramu (TX, RX, EN, IO0, 3.3, GND) mahali ambapo kidole kinafika, hata kama boksi limeshafungwa, utanishukuru.

Kabla ya kuagiza, printi bodi kwenye karatasi kwa saizi yake halisi, uweke vifaa juu yake, kiunganishi cha betri, relei, moduli. Ni dakika chache tu na inaonyesha mambo ambayo skrini inaficha.

Bodi zikifika usilehemu kila kitu kwa pamoja. Anza na sehemu ya umeme peke yake, iwashe, pima na mita. Ukiona 3.3, iache iendelee kuwaka kidogo ushike regyuleta kama inachemka, halafu ndo uweke ESP32.